Nguvu za giza, watoto wa nuru: Biblia inasema nini hasa?

Mtoto akianguka kifafa darasani, watu wanasema ni nguvu za giza. Injini ya boti ikizimika katikati ya ziwa, nguvu za giza. Binti akifikisha miaka thelathini bila posa, mama yake anashauriwa ampeleke akafunguliwe, kuna nguvu za giza zimemfunga. Hapa Kigoma maneno haya utayasikia sokoni Kibirizi, kwenye daladala za Ujiji na juu ya madhabahu, na kila anayeyasema anaamini msikilizaji anaelewa kile kile anachokielewa yeye.

Yangekuwa maneno tu, ningeyaacha yapite. Lakini mkoa huu unazijua habari za Kamchape, vikundi vinavyopita vijijini vikidai kuondoa uchawi. Wanaingia uani kwa mtu, wanachimba, wanaibuka na pembe au kitambaa kilichofungwa fundo, na kuanzia hapo mwenye nyumba ana kesi ya kujibu mbele ya kijiji kizima. Watu wamelipishwa pesa, wamebomolewa nyumba, wengine wamehama kabisa. Na katika umati unaoshangilia wamo Wakristo ambao Jumapili wamesoma kwamba wao ni watoto wa nuru. Wanaona wanalisaidia Neno la Mungu kufukuza giza.

Ndiyo maana nadhani inafaa tukae chini tuulizane: nuru na giza katika imani ya Kikristo ni nini?

Tuweke maana kwanza. Biblia inalitumia neno giza kwa namna kadhaa, na shida yetu kubwa ni kuzichanganya. Kuna giza la kawaida, yaani usiku, pale jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo na ziwa linakuwa jeusi. Kuna giza la mateso: ugonjwa, msiba, hali ya kutojua kesho itakuwaje. Kuna giza la matendo, yaani yale mtu anayoyafanya akijua kwamba hayafai kuonekana. Na kuna lile linaloitwa mamlaka au nguvu za giza, utawala wa uovu ambao Wakristo wanaamini Kristo aliushinda. Nuru nayo ina ngazi zake: mwanga tunaouona kwa macho, kisha ukweli, wema na uzima unaotoka kwa Mungu, na mwisho maisha ya mtu ambayo hayana cha kuficha. Ukichukua maneno yaliyosemwa kuhusu giza moja ukayabandika kwenye jingine, mgonjwa anageuka kuwa mtuhumiwa na usiku unageuka kuwa mali ya shetani.

Tuanze na usiku, maana ndio mwepesi. Kitabu cha Mwanzo kinafunguka kukiwa na giza juu ya uso wa vilindi. Mungu anasema, "Iwe nuru," na nuru inakuwa. Kisha anafanya jambo ambalo wengi tunalisoma haraka: analipa giza jina. "Mungu akaiita nuru Mchana, na giza akaliita Usiku." Katika Maandiko, anayekipa kitu jina ana mamlaka juu yake. Tena siku yenyewe inahesabiwa kuanzia jioni: ikawa jioni, ikawa asubuhi. Na katika Isaya 45 Mungu anasema wazi kwamba ndiye aliyeiumba nuru na ndiye aliyelifanya giza. Hakuna miungu wawili hapa, mmoja wa mchana na mwingine wa usiku, wanaopokezana zamu.

Kwa hiyo fundisho kwamba usiku ni saa za shetani halina mguu wa kusimamia. Luka 6 inasimulia kwamba Yesu alikesha usiku kucha akiomba kabla ya kuwachagua mitume. Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane. Makanisa yetu yenyewe hufanya mikesha. Na mkoa huu unalishwa na watu wanaofanya kazi usiku: wavuvi wa dagaa husubiri usiku usio na mbalamwezi, na mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, kwa sababu mwanga ukitapakaa ziwa zima dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Giza lile ni sehemu ya riziki yao.

Giza la mateso linahitaji tulisogelee taratibu zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumizwa. Mtu anayepita kwenye msiba, deni au maradhi ya muda mrefu mara nyingi anaambiwa kwamba kama angekuwa nuruni yasingempata. Aliyekaa na Biblia yake hawezi kusema hivyo. Zaburi ya 88 ni sala ya mtu aliyechoka, na haimaliziki kwa sifa kama zaburi nyingi zinavyomalizika. Inaishia gizani, rafiki zake wakiwa wametengwa naye. Wakusanyaji wa Maandiko waliiacha hivyo hivyo. Watu wa Mungu wameisali kwa karne nyingi bila mtu kuisahihisha.

Tena kuna jambo ambalo huwashangaza wengi ninapolitaja kwenye mafundisho. Katika Kutoka 20, watu waliposimama mbali kwa hofu chini ya mlima Sinai, Musa "akalikaribia lile giza kuu Mungu alipokuwapo." Mungu alikuwa ndani ya giza. Sulemani alipoweka wakfu hekalu alirudia kwamba Bwana alisema atakaa katika giza nene. Na Zaburi ya 139 inamwambia Mungu kwamba giza na mwanga kwake ni sawasawa. Yuko anayelala wodini katika hospitali ya Maweni usiku wa tatu bila usingizi, akidhani Mungu amemwacha kwa sababu haoni mbele. Zaburi hiyo ni yake.

Wanafunzi wa Yesu nao walikuwa na mawazo yetu haya. Walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa: ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Yesu akajibu kwamba hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake. Habari hiyo imo katika Yohana 9, sura moja tu baada ya Yesu kusema, "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu." Kwa hiyo wa kwanza kufaidi nuru hiyo ni mtu aliyeishi gizani maisha yake yote bila kosa, huku wenye macho mazima wakigombana juu yake.

Maneno hayo ya Yesu yana mazingira yake. Injili inayaweka hekaluni, baada ya simulizi ya Sikukuu ya Vibanda. Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya marabi wa Kiyahudi uliokamilika karibu na mwaka 200, inaeleza kwamba katika sikukuu hiyo ziliwashwa taa kubwa sana katika ua wa hekalu ulioitwa ua wa wanawake, hata hapakuwa na ua Yerusalemu usiopata mwanga wake. Watu walicheza na kuimba usiku mbele ya taa hizo. Ndipo mtu kutoka Galilaya anasimama katika eneo hilo hilo, penye masanduku ya sadaka, anasema yeye ndiye nuru, na ya ulimwengu mzima. Unaelewa kwa nini ubishi ulizuka.

Yohana ndiye aliyelichambua jambo hili kuliko waandishi wengine wa Agano Jipya, na kwake nuru na giza vinahusu zaidi kitu kimoja: kuonekana. Katika sura ya tatu anasema nuru imekuja ulimwenguni, na watu wakapenda giza kuliko nuru kwa maana matendo yao yalikuwa maovu. Anayetenda mabaya haji kwenye nuru, asije matendo yake yakakemewa. Hivyo giza la namna hii mtu analichagua mwenyewe. Halitupwi juu yake na jirani, halizikwi kwenye kizingiti cha mlango wake. Mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anayetoa kila wiki sababu ya kutoleta daftari kwenye kikao anajua maana ya kifungu hiki hata kama hajakisoma. Nikodemo naye alimwendea Yesu usiku, lakini alikwenda, na mwishoni mwa Injili hiyo hiyo tunamwona mchana akileta manemane na udi kwa maziko. Yuda alitoka chakulani, na Yohana akaongeza maneno machache tu: nako kulikuwa ni usiku.

Hapa huzuka kosa jingine, kudhani kwamba kutembea nuruni ni kutokuwa na dhambi kabisa. Waraka wa kwanza wa Yohana unalikataa moja kwa moja. Unasema tukienenda nuruni, damu ya Yesu yatusafisha dhambi yote. Na mstari unaofuata unasema tukisema kwamba hatuna dhambi twajidanganya wenyewe. Anayesafishwa ni mchafu. Aliye nuruni ni yule anayekubali uchafu wake uonekane, akaungama, akarekebisha. Mkristo anayejitangaza kuwa hana doa amejitoa mwenyewe kwenye nuru.

Kisha waraka huo unatoa kipimo, na ningeomba kila mhubiri wa mkoa huu akitaje angalau mara moja kila anapotaja nguvu za giza: "Yeye asemaye kwamba yumo nuruni, naye amchukia ndugu yake, yumo gizani hata sasa." Kipimo hakihusu ndoto ulizoota, wala jinsi ulivyolala chali ukiombewa, wala miaka uliyokaa kwenye kwaya. Kinauliza unavyoishi na mtu wa pembeni yako. Anayemchukia, Yohana anaendelea, hajui aendako, kwa maana giza limempofusha macho. Nadhani maneno haya yanaeleza umati wa Kamchape vizuri kuliko taarifa yoyote. Watu wana hakika kabisa kwamba wanaona, na hawaoni kwamba mbele yao ni bibi wa miaka sabini ambaye macho yake mekundu ni ya moshi wa kuni.

Wanaosali Mkesha wa Pasaka kwa Wakatoliki na kwa baadhi ya Waanglikana na Walutheri wameliona jambo hili likifanyika. Kanisa linazimwa taa zote. Nje unawashwa moto mpya, kutoka humo mshumaa mkubwa wa Pasaka, na mshumaa huo unaingizwa kanisani gizani. Baada ya hapo hakuna anayekwenda kuchota mwali madhabahuni kwa niaba ya nafsi yake. Unainamisha mshumaa wako kwenye wa jirani aliyekutangulia, unapokea, unamgeukia aliye nyuma yako. Nta inakudondokea kwenye vidole. Ukiwa umegombana na mtu wa benchi lako, usiku ule lazima mmoja wenu amwinamie mwenzake.

Sasa nguvu za giza zenyewe. Je, Biblia inazitambua? Ndiyo, na sitaki kumpunguzia mtu imani yake kwa kujifanya hazimo. Msemo wenyewe umo katika Wakolosai 1, katika Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea: Mungu "alituokoa katika nguvu za giza, akatuhamisha na kutuingiza katika ufalme wa Mwana wa pendo lake." Tazama lakini nyakati za vitenzi hivyo. Alituokoa. Akatuhamisha. Paulo anawaandikia Wakristo wa mji mdogo wa Asia Ndogo, waliozungukwa na hofu za mapepo na nyota, anawaambia kuhama kumeshafanyika. Hawaambii wanunue kinga.

Andiko la pili linalotumiwa sana ni Waefeso 6, juu ya wakuu wa giza hili na majeshi ya pepo wabaya. Wengi wanaanza kulinukuu katikati. Mwanzo wake unasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Damu na nyama ni binadamu. Ni mama mkwe, ni mke mwenza, ni mzee anayeishi peke yake pembezoni mwa kijiji. Ukishamgeuza binadamu kuwa adui wa vita vya kiroho, umelivunja andiko lile lile unalolishika mkononi.

Mtu ataniuliza: mbona Yesu alitoa pepo, na hata kijana mwenye kifafa alimponya kwa kumkemea pepo? Ni kweli, na habari hiyo inastahili kusomwa polepole. Marko 9 inasema baba alimleta mwanawe anayeangushwa chini, anayetoka povu na kusaga meno. Umati umekusanyika, wanafunzi wameshindwa. Yesu anamgeukia baba na kumuuliza swali moja: "Amepatwa na haya tangu lini?" Baba anajibu, tangu utoto. Ni swali ambalo tabibu wa zahanati angeuliza. Hakuuliza nani amemroga. Soma Injili zote nne, kila mahali Yesu alipomtoa mtu pepo, hutakuta hata mara moja akitafuta jirani aliyemtuma. Alimponya mgonjwa, akamrudisha kwa baba yake, akaondoka, na hakuna aliyebaki kijijini na jina la mchawi.

Kanisa linaweza kumwombea mtoto wa kifafa na linapaswa kumwombea. Mtoto huyo huyo apelekwe kituo cha afya, kwa sababu kifafa kina dawa, na wengi wanaozitumia bila kukatiza wanakaa muda mrefu bila kuanguka. Kuomba na kumeza vidonge havigombani. Kinachogombana na Injili ni kuuliza "nani" pale Yesu alipouliza "tangu lini". Hata serikali, bila kuingia kwenye mambo ya pepo, iliona hatari hiyo mapema: Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 wakati wa Mwingereza na inayotumika mpaka leo, inahesabu kumtuhumu mwenzako uchawi kuwa kosa.

Lipo onyo jingine katika Maandiko ambalo watu wa ziwa wangepaswa kulielewa mbele ya wengine. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Shetani mwenyewe hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Simama usiku kwenye mwinuko wowote wa mji wa Kigoma utazame majini: taa za wavuvi zimejipanga mpaka upeo wa macho. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Dagaa wanapanda kutoka kwenye kina kirefu wakifuata ule mwanga, wanauzunguka kwa maelfu, na wavu uko chini yao unasubiri. Hakuna anayewalazimisha. Mwanga ni mzuri, ni mkali, na ndio unaowapeleka kwenye beseni.

Kwa hiyo ung'avu peke yake hauthibitishi chochote. Jukwaa lenye taa na spika kubwa, mtu anayesema ameonyeshwa adui yako kwa ufunuo, chupa ya mafuta yenye bei, sadaka ya kuvunja laana inayoongezeka kila wiki: tuulize mwanga huo unakusanya watu ili iweje. Taa ambayo Zaburi ya 119 inaisifu ni ya miguu, kijitaa cha udongo chenye mafuta ya mzeituni kinachotosha kiganjani, na kazi yake ni kumwonyesha mtu mahali pa kukanyaga hatua inayofuata. Hakimulikii uani kwa jirani. Neno la Mungu likinionyesha kasoro zangu na wajibu wangu, linafanya kazi ya taa. Likitumika kila siku kunionyesha kasoro za wengine huku mfuko wangu ukipungua, kuna wavu mahali.

Kabla sijafika mwisho nigusie rangi, kwa kifupi, maana wapo watoto wanaokua wakiamini kwamba weusi ni rangi ya dhambi. Stanley, yule aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, baadaye aliandika kitabu akaliita bara letu bara la giza, na jina hilo likashika. Maandiko hayakumtuma. Katika Biblia giza halihusiani na ngozi ya mtu. Anayeimba katika Wimbo Ulio Bora anajitaja kuwa mweusi tena mwenye uzuri, na Mwethiopia wa Matendo 8 anabatizwa kwenye njia ya jangwani, anakwenda zake akifurahi. Ujiji ya siku zile ilikuwa na giza kweli, lakini lilikuwa biashara ya kuwafunga watu minyororo na kuwauza. Ilifanywa na watu wa rangi mbalimbali na walionunua walikuwa wa rangi mbalimbali.

Basi watoto wa nuru wanafanya nini? Waefeso 5 inajibu kwa maneno matatu: tunda la nuru ni katika wema wote na haki na kweli. Haya si mambo ya mawinguni. Haki ni kopo la kupimia dagaa ambalo halijabonyezwa chini. Kweli ni daftari la kikundi linalofunguliwa mbele ya wanachama wote, mwenye kusoma na asiyejua kusoma, kila tarakimu ikisomwa kwa sauti. Wema ni namna tunavyomwita mkimbizi anayekuja sokoni kutoka Nyarugusu, kambi iliyopo tangu 1996, ambapo vijana wa leo wamezaliwa na kukulia humo. Mahubiri ya nuru yasiyogusa kopo, daftari na mgeni sijui yanamulika nini.

Sura hiyo hiyo inaongeza kwamba tusishirikiane na matendo yasiyozaa ya giza, bali tuyakemee. Wengi wanachukua kukemea kuwa ni kupaza sauti kwenye maombi, na kwenye maombi kuna nafasi yake. Lakini linalokemewa katika mstari huo ni matendo, na matendo hukemewa yanapotendeka. Ikiitishwa michango kijijini ya kuwaleta hao wa Kamchape, kila kaya kiasi fulani, na mwenyekiti anapitisha karatasi ya majina, Mkristo ana la kufanya pale pale alipokaa. Anyooshe mkono. Aseme hachangi, aseme kwa nini, na kama bibi wa jirani yake ametajwa, aende akae barazani kwake mchana kweupe, apige simu kwa mtendaji wa kijiji au polisi, na ampitie mchungaji wake amwambie aje waketi wote.